Nyumba ya urithi Makorora, tuna milioni saba ya ukarabati kabla ya kuuza, tuanzie wapi?

Mwana_Makorora

Habari zenu wana Tanga. Naomba mawazo, hasa mafundi na wale mliowahi kununua au kuuza nyumba hapa mjini.

Tuna nyumba ya urithi Makorora, katuachia mama yetu, ni ile nyumba ya kizamani ya korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu huku, mbele baraza, nyuma uwani kuna jiko, bafu na choo. Ndugu tumekaa tumekubaliana iuzwe kila mtu apate haki yake, ila wateja wanaokuja wote wanaponda, mtu akiingia tu anaangalia juu, anaangalia chini, anagusa ukuta, anataja bei ya kiwanja kitupu utadhani pale hamna nyumba. Kaka zangu wamechanga milioni saba tuitengeneze kwanza ndo tuuze kwa bei ya maana, na hapo ndo ugomvi ulipoanza manake kila mtu na lake. Mmoja anataka jipsam (zile bodi nyeupe za darini) nyumba nzima, mwingine anataka marumaru sebuleni na barazani pamoja na madirisha ya aluminiamu, mimi naona tupake rangi nje vizuri na kupiga pevingi uwani basi.

Shida nyingine ni kuta. Huku chini rangi inabanduka na kunatoka unga mweupe, hasa vyumba viwili vya nyuma karibu na uwani, tukipaka rangi haimalizi masika ishavimba. Bati ni la zamani lina kutu, linavuja sehemu moja tu koridoni. Madirisha ya mbao na nyavu na grili, milango ya mbao ya zamani mizito kweli. Nyie mngekuwa na hiyo milioni saba mngeanza na nini?

---

FundiLipu_Pongwe

Dada Mungu amrehemu mama. Mimi ni fundi, nimefanya sana hizi nyumba za Makorora, Mabawa na Ngamiani, ngoja nikwambie ninachokijua.

Huo unga mweupe ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini ndani ya ukuta, yanabeba chumvi ya udongo na ya mchanga uliojengewa, yakifika juu yanakauka chumvi inabaki, inakaa nyuma ya rangi inajikusanya inakua mpaka inasukuma rangi na lipu vinatoka. Kwa hiyo ukipaka rangi juu yake hujatibu kitu, na ukipaka ya mafuta ndo kabisa, manake unafunga ukuta usipumue, maji yanatafuta pa kutokea yanapanda juu zaidi. Hata marumaru ukutani ni hivyo hivyo, utaona mwezi wa kwanza pazuri alafu doa linatokea juu ya marumaru.

Swali langu la kwanza, hivyo vyumba viwili vya nyuma, bafu liko wapi? Limeegemea huo ukuta? Na maji ya bafu yanaenda wapi? Mana vyumba viwili tu kuharibika kuliko vingine si ardhi peke yake, kuna maji ya kila siku hapo. Alafu angalia nje, udongo wa uwani uko usawa gani na sakafu ya ndani. Nyumba hizi zina miaka mingi, watu wanafagia, wanamwaga kifusi, uwani unapanda mdogo mdogo mpaka udongo unakuwa juu ya jamvi, yaani zege la sakafu, sasa ukuta unakunywa maji kwa ubavu kila mvua ikinyesha.

Dawa yake ni kazi ya jasho ila haina gharama za kutisha. Ondoa kwanza chanzo cha maji, bafu na chemba (kishimo cha kupokea maji machafu). Chimba udongo wa nje ushuke chini ya sakafu hata sentimita kumi na tano hivi, mwaga mkanda wa zege kuzunguka nyumba, upana kama hatua moja, uwe na mteremko wa kukimbia ukuta na siyo kuufuata. Funga gata, maana maji ya bati yanadondoka palepale kwenye mguu wa ukuta. Ndani banjua lipu yote iliyooza mpaka nusu mita juu ya pale alama ilipoishia, usibanjue hapo penye ubaya tu, piga brashi ya waya, fagia ile chumvi uitoe nje kabisa usiiache chini, alafu ACHA UKUTA UKAUKE. Hapa ndo watu wengi hawana subira. Kiangazi cha kaskazi ndo wakati wake, siyo unabanjua leo masika yanaingia kesho.

Lipu mpya tumia mchanga wa mto uliooshwa, mchanga wa pwani usiukubali hata ukipewa bure, una chumvi yake. Kama ukuta wenyewe ni wa mawe na chokaa, na hilo utalijua ukibanjua, usiupige lipu ngumu ya saruji tupu, changanya na chokaa upate kupumua, chokaa tunachoma wenyewe hapa Amboni. Lipu ikikaa kama wiki nne ndo upake rangi, rangi ya maji.

Jipsam mwisho kabisa. Jipsam na bati linalovuja havikai pamoja, bodi inakunywa maji inalegea, inaweka doa la njano, na doa la njano darini mnunuzi analiona kabla hajasalimia.

---

Mwana_Makorora

Fundi umenishangaza, bafu ndo limegemea hapo hapo! Maji yanapita kwenye kimfereji kando ya ukuta wa hivyo vyumba yanaenda kwenye chemba kona ya uwani. Na chemba ina mfuniko umepasuka. Udongo upo juu kweli, zamani tulikuwa tunapanda ngazi moja kutoka uwani kuingia koridoni, siku hizi hakuna ngazi ni sawasawa.

---

FundiLipu_Pongwe

Basi jibu lako umelipata, ile ngazi haijaenda popote ipo chini ya udongo. Anza hapo, bomba la plastiki lichukue maji ya bafu, lizikwe, liende chemba, na chemba ijengwe upya.

---

DalaliNgamiani

Mimi nafanya udalali Ngamiani na Makorora miaka mingi, fundi kaongea vizuri sana ila naomba nipingane naye kidogo, siyo kwenye ufundi, kwenye biashara.

Dada kabla hujatoa hata shilingi jiulize nani atanunua. Makorora kuna wanunuzi wa aina mbili. Wa kwanza anataka kiwanja, barabara anaiona, soko analiona, anataka kuvunja ajenge fremu za maduka mbele na vyumba vya kupangisha nyuma. Huyo hata uweke jipsam ya dhahabu hakuongezei kitu, anapiga hesabu ya ukubwa wa kiwanja na umbali wa lami. Wa pili anataka nyumba ahamie na familia yake au apangishe vyumba kesho yake. Huyo ndo anayelipia ukarabati. Nyumba yenu iko barabarani au ndani ndani? Kama iko lami kabisa mimi nakushauri hiyo milioni saba msiimalize, safisheni, pakeni rangi mbele, hela nyingine malizieni karatasi. Kama iko ndani mtaani, hapo fundi yuko sahihi kabisa, mfuateni.

Na kitu kimoja, mteja wangu anaamua akiwa bado mlangoni. Baraza ndo kila kitu. Baraza lenye sakafu iliyochimbika, nguzo imepasuka nondo inachungulia, kila nikileta mtu hapo anaanza kushusha bei kabla hajaingia ndani. Baraza la sakafu nzuri ya saruji iliyosuguliwa hata bila marumaru, nguzo zimenyooka, taa moja nzuri, mtu anajiona jioni amekaa hapo na kahawa yake. Mimi ningetenga sehemu ya hela hapo hata kama ni kidogo.

---

Mama_Wawili_Kange

Mimi nimenunua nyumba si muda mrefu, naomba nizungumze kama mnunuzi na kama mwanamke, maana kina baba mkienda kuangalia nyumba mnaangalia bati na kiwanja, mimi naingia chooni na jikoni.

Tulizunguka nyumba nyingi sana Mwakidila, Nguvumali, Donge, Makorora yenyewe, nikwambie kilichonitoa mbio ni harufu. Kuna nyumba ilikuwa nzuri macho yanapenda, rangi mpya kabisa, unaingia chumbani unasikia ile harufu ya unyevu kama nguo zilizoanikwa zikasahaulika, mtoto wangu ana pumu, nikamwambia mume wangu hapa hatukai. Nyingine darini kulikuwa na popo, ile harufu yao haijifichi, na alama za mkojo wao kwenye siling bodi. Kwa hiyo mwana Makorora pandisheni mtu darini aangalie, na yale matundu ya hewa ya kwenye pembe za paa msiyazibe kwa saruji, wekeni wavu wa chuma mdogo mdogo, hewa ipite popo wasipite, joto la Tanga mnalijua wenyewe. Na mkimkuta popo ameshaweka makazi subirini usiku watoke kutafuta chakula ndo mzibe, mkiziba wakiwa ndani wanafia humo.

La pili choo. Nyumba ya vyumba sita na choo kimoja uwani, familia ya siku hizi inakuwa ngumu. Usiku mvua inanyesha una mtoto mdogo unamtoa nje? Kama mnaweza chumba kimoja cha nyuma kigawanywe kiwe choo na bafu cha ndani, hata kidogo, cha kukaa, marumaru mpaka kichwani na dirisha la kutoa hewa, mmenishika. Choo cha uwani kibaki nacho kina kazi yake. Mimi ningelipa zaidi kwa hicho choo cha ndani kuliko jipsam vyumba vyote sita, nasema kweli kabisa.

Jikoni mpeni mtu sehemu ya kusimama, meza ya zege na sinki lenye bomba, na paa la jiko lisivuje. Basi. Makabati ya bei mbaya mnunuzi ataweka mwenyewe anavyopenda.

---

FundiLipu_Pongwe

Mama wawili hapo kwenye choo cha ndani naunga mkono, na kwa vile bafu la zamani linahamishwa maji yake, bomba la choo kipya liunganishwe kwa mkupuo mmoja, mtaro uchimbwe mara moja. Ila angalieni shimo la maji taka lilipo, gari la kunyonya liweze kufika na mpira wake. Na huku kwetu masika maji ya ardhini yanapanda, shimo likiwa halina msingi mzuri linajaa maji ya ardhi, mtu anafikiri familia ndo inajaza.

Dalali kataja nguzo. Nondo ikishaingia kutu inavimba, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ndo maana zege linapasuka na kumwaga vipande. Msipige lipu juu yake ikapendeza. Zege bovu liondolewe mpaka nondo nzima ionekane hata kwa nyuma, isuguliwe mpaka chuma king'ae, ipakwe dawa ya kutu, ndo ijazwe zege upya. Kama nondo ishaliwa imekuwa nyembamba iongezwe nyingine pembeni. Grili za madirisha ni hivyo hivyo, msasa, redoksaidi (rangi nyekundu ya kuzuia kutu), kisha rangi ya mafuta. Upepo wetu una chumvi, chuma kisichopakwa kinaisha.

---

Mzee_wa_Chumbageni

Wanangu nimesoma yote, mmeongea vizuri. Mimi nina mambo mawili.

Kwanza hiyo milango. Binti yangu usikubali mtu akwambie utoe milango ya zamani uweke ya kisasa ya kiwandani. Milango mizito ya zamani mingi ni mninga au mvule, mbao ambazo mchwa anazikwepa, na siku hizi kuzipata kwa upana ule ni kazi. Mpe seremala aisugue atoe marangi yote ya miaka na miaka, abadilishe bawaba na kitasa, apake vanishi. Mlango wa mbele ukirudi kwenye rangi yake ya mbao, mtu mwenye macho anajua anaangalia nini. Madirisha nayo vilevile, haya ya aluminiamu ya kusukuma yanafunguka nusu tu, nusu nyingine kioo kimesimama, upepo wa kusi unapita nusu. Ya mbao unafungua yote. Kama mbao ni nzima badilisheni nyavu tu, nyavu mpya mnunuzi anaziona na mbu wa Tanga anajulikana.

Pili karatasi, na hapa nasisitiza kwa sababu nimeona familia zikiumia. Nyumba ni ya marehemu. Msimamizi wa mirathi ameteuliwa na mahakama au mmekaa tu kikao cha ukoo? Kikao cha ukoo kinapendekeza, mahakama ndo inayoteua. Bila msimamizi hakuna anayeweza kuuza, na hati kama ipo lazima jina la mama litoke liende kwa msimamizi ndo lije kwa mnunuzi. Kama hakuna hati, kuna ofa (barua ya kupewa kiwanja) au barua tu ya serikali ya mtaa, mjue mnunuzi wa mkopo wa benki mmeshamkosa, benki inataka hati na inamtuma mthamini wake. Mnabaki na mwenye taslimu, na mwenye taslimu anajua mna haraka. Mimi ningekata sehemu ya hiyo milioni saba niweke hapo kabla ya pevingi.

Angalieni pia kodi ya pango la ardhi kama ina malimbikizo. Kodi ya jengo yenyewe tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwa nyumba ya kawaida sasa ni 1,500 kwa mwezi, ila pango la ardhi liko mbali na hiyo linalipwa kila mwaka na watu wanasahau. Na bili ya maji isafishwe.

Risiti zote za saruji, bati, rangi na choo mchukue za EFD (zile za mashine ya TRA), mziweke kwenye faili moja. Mkiuza TRA wanadai kodi ya ongezeko la mtaji, mkazi anatozwa asilimia 10 ya faida, faida siyo bei yote. Mlichotumia kuboresha nyumba kinaingia kwenye gharama lakini kiwe na ushahidi. Hela ya fundi pia aandike na kusaini.

---

Mwana_Makorora

Mzee wangu shikamoo, na asante sana. Msimamizi yupo, kaka mkubwa kateuliwa na mahakama ya mwanzo, hati ipo ila bado ina jina la mama, hatukujua kama inatakiwa ihame kwanza. Nyumba iko ndani mtaani siyo lami kwa hiyo dalali hapo umenisaidia, wanunuzi wetu ni wa kuishi.

Nimewasomea kaka zangu kwa simu yote haya. Tumekubaliana tuanze na bafu, chemba, kushusha uwani na mkanda wa zege, kaka mkubwa anashughulikia hati, kisha choo cha ndani, kisha baraza. Jipsam imewekwa pembeni, yule aliyekuwa anaitaka kanuna kidogo ila kakubali. Naomba niulize mawili ya mwisho. Bati tubadilishe lote? Na jiko la uwani limeezekwa yale mabati ya kijivu mazito ya mawimbi ya zamani, yana ukoga, mdogo wangu anasema tupandishe vijana wayasugue kwa brashi ya waya yapakwe rangi yafanane na nyumba.

---

FundiLipu_Pongwe

Bati lote hapana, hela haitoshi na halijafika huko. Hapo koridoni panapovuja angalia kama ni pale paa mbili zinapokutana, mara nyingi bati la mfereji wa katikati ndo limeoza, badilisheni hilo na mawili matatu ya jirani. Misumari iliyolegea itolewe iwekwe mipya yenye mpira. Mkinunua bati kumbukeni namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba, 28 ni nene kuliko 30, 30 ni nene kuliko 32, msivutwe na bei. Lililobaki lisuguliwe kutu, lipakwe dawa ya kutu na rangi ya bati, moja isiyokoza sana maana rangi nyeusi inavuta joto. Kuta za nje pakeni maji ya kunde au krimu.

Hilo jiko SASA NAOMBA MSIMAMISHE. Hayo ya kijivu mazito ya zamani yanaweza kuwa ya asbesto. Vumbi lake ukilivuta linakaa kwenye mapafu miaka na miaka na linaleta kansa, huwezi kulihisi wala kulinusa. Msisugue kwa brashi, msitoboe, msikate kwa msumeno, msivunje kwa nyundo, vijana wasipande, na watoto msiwaache wacheze na vipande vilivyoanguka. Yakiwa mazima hayajapasuka hayana haraka, yaacheni hivyo hivyo, muulizeni afisa mazingira wa halmashauri jinsi ya kuyatoa na pa kuyapeleka. Mnunuzi naye aambiwe wazi, asije akapanda na nyundo yake wiki ya kwanza.

---

Mama_Wawili_Kange

Kwa hiyo sinki na meza ya zege nilivyosema mimi subirini mpaka hilo paa lishughulikiwe, watu wasianze kufanya kazi chini yake.

---

Mwana_Makorora

Nimempigia mdogo wangu sasa hivi, vijana walikuwa waje kesho asubuhi, kawaambia wasije. Fundi nakutumia namba inboksi, nataka uje uone hiyo chemba na huo ukuta mwenyewe.

---

FundiLipu_Pongwe

Sawa dada, Jumamosi nina kazi Mabawa, nikitoka huko nakuja. Chemba msiingize mtu ndani hata kama inaonekana imekauka, ondoeni huo mfuniko uliopasuka mkiwa mmesimama mbali, muweke mbao watoto wasitumbukie, hewa chafu itoke kwanza. Na hivyo vyumba viwili toeni makabati na vitanda visogezwe kwenye ukuta wa upande wa pili, madirisha yawe wazi mchana kutwa.